Hesabu ya Ndoo

Ndoo moja ya kokoto, mia tano.
Hiyo ndiyo sarafu ya nyumba yetu, huku juu Mabatini,
ambako vibanda vimeng'ang'ania mawe kama kupe
na mama anapiga nyundo tangu alfajiri, ko, ko, ko,
tambara kidoleni, miwani ya mtumba machoni.
Huponda tatu kwa siku. Nne, mgongo ukimkubalia.

Mimi nimemaliza kidato cha sita. Nasubiri.
Nimenunua daftari la kurasa arobaini na nane,
nikaandika juu kwa kalamu nyekundu: DODOMA.
Nauli ya basi, ndoo tisini.
Godoro, lile jembamba, ndoo mia na ishirini.
Sufuria, sahani, kikombe: ishirini na nane.
Kisha uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti,
bahasha, vocha, makato ya wakala,
vitu usivyoweza kulalia wala kula.
Hivyo sikuvijumlisha. Niliogopa.

Usiku hesabu huamka kabla yangu.
Ziwa liko kule chini, na karabai za wavuvi wa dagaa
zimejipanga kama mji mwingine, usiodaiwa na mtu.
Tumbo linanikaza. Moyo unakimbia na mimi nimelala.
Nikimwambia mama atasema ni minyoo.
Nikamwandikia Nkwimba, niliyekaa naye dawati moja.
Akajibu papo hapo: Hata mimi.
Nimekunja nguo zilezile mara nne tangu jioni.
Tukacheka saa nane ya usiku, kila mtu kwao,
simu chini ya shuka, meno yameuma pindo,
na tumbo likalegea kidogo.
Kidogo tu.

Jumamosi akaja mjomba Masunga kutoka Nyakato
na kadi za mchango, zimeshachapwa,
jina langu kwa maandishi ya dhahabu: Milembe Anaagwa.
Hema, viti mia, kuku, spika mbili, keki ya ghorofa.
"Laki nne tu," akasema. "Ukoo mzima haujawahi kutoa msomi."
Sikujibu, mdomo ulijaa vumbi.
Nikamfungulia daftari.
Nikamwekea kidole pale pa godoro.
Ndoo mia nane, mjomba, hiyo sherehe yako.
Piga hesabu mwenyewe, kwa tatu kwa siku.

Akanitazama kama niliyemtemea mate.
"Mtoto anauza heshima yake anunue sponji!"
Nyundo ikasimama.
Sijawahi kuusikia mchana wetu ukiwa kimya namna ile;
hata kuku wa jirani waliinua shingo.
Mama akasema, bila kugeuka:
"Pilau huchacha, Masunga. Godoro halichachi."
Kisha ko, ko, ko.

Mjomba aliondoka bila kunywa chai.
Kadi alizisahau kwenye kigoda, au alizitupa, sijui.
Nyuma zilikuwa nyeupe. Nimezitumia kuandikia bei.

Bodi imetoa majina. Mkopo umekuja nusu:
si wa kuringia, si wa kukataa.
Nikaanza upya ukurasa mwingine, nikaanza tena,
mpaka mama akaweka sheria:
daftari halifunguliwi baada ya chakula cha usiku.
"Mawe hayapondwi gizani," alisema, "utajivunja kidole."
Alilichukua, akaliweka chini ya pipa la unga.
Usiku wa kwanza nilikesha nikiliwaza.
Wa pili nililala hadi adhana.

Jana simu ikatetemeka: elfu ishirini, kutoka kwa mjomba,
na ya kutolea humo humo.
Salamu hakuna.
Ndoo arobaini, akasema mama, akapangusa miwani
kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

Leo nimechukua nyundo ya pili, ile ya mpini mfupi.
Nimeponda ndoo mbili.
Ya tatu imefika nusu, viganja vikagoma.
Hiyo nusu sijaiandika popote.